ALIYEHOJIWA ANA HAKI YA KUJIBIWA



Katika mambo yanayoletwa mbele ya chama chetu, malalamiko ya mishahara ndiyo mengi, na ya nyumba huyafuata. Lakini liko jambo la tatu ambalo watu hulisema kwa sauti ndogo, wakiwa katika foleni ya maji au wakitembea kwa miguu Jogoo Road asubuhi. Nalo ni hili: "Niliitwa intavyu, nikaenda, wakaniambia watanipigia simu. Mpaka leo."

Hayo maneno mawili ya mwisho, "mpaka leo", ndiyo tunayotaka kuyazungumza katika toleo hili.

Wanaoyasema ni wengi. Yuko kijana aliyemaliza chuo cha ufundi, anakaa kwa mjomba wake Jericho, na kila simu ikilia nyumba nzima hunyamaza. Yuko mama wa Kaloleni aliyeomba kazi ya usafi katika ofisi za mjini. Yuko pia mwanachama wetu mwenye miaka mingi kazini, aliyehojiwa ili apandishwe cheo, naye kila siku humwona yule mkubwa aliyemhoji akipita karakana, lakini haoni namna ya kumwuliza. Hao wote wametumia nauli, wametoa kopi za vyeti, wamepiga shati pasi, na wengine wamepoteza kibarua cha siku ile. Wamekaa mbele ya meza, wamejibu maswali yote waliyoulizwa. Kisha wao wenyewe wakiwa na swali moja tu, hawajibiwi.

Maoni ya gazeti hili ni haya. Mtu aliyehojiwa anastahili jibu, hata kama jibu ni hapana. Asipolipata, ana haki ya kuliuliza, kwa heshima na kwa maandishi. Kuuliza si ufidhuli wala si kujipendekeza. Na chama cha wafanyakazi kisichomsaidia mtu kuuliza hakijamaliza kazi yake.

Sisi watu wa reli twapaswa kuijua thamani ya jibu kuliko watu wengine. Kwa desturi ya kazi yetu, stesheni masta hawezi kuachia gari katika njia moja mpaka aiulize stesheni ya mbele kama njia i wazi. Na stesheni ya mbele haina ruhusa ya kunyamaza. Itajibu ndiyo, au itajibu hapana. Hapana si tusi, maana huwaokoa watu. Kinacholeta hatari ni kimya, na mtu kuanza kukisia.

UBAYA WA KIMYA

Wako waajiri wanaodhani kwamba kumnyamazia mtu ni kumwonea huruma, ili asiumie. Si kweli. Kimya kina ubaya wa namna nne.

Kwanza, kimya hula wakati na pesa za maskini. Mtu anayengoja simu haendi kutafuta kwingine kwa moyo wote. Akiitwa kibarua cha siku tatu Industrial Area, anafikiri, "Je, wakipiga simu nikiwa huko?" Anakiacha. Majuma manne yakipita hivyo, kodi ya nyumba imefika na mwenye nyumba hangoji simu ya mtu. Lau angaliambiwa hapana siku ya tano, angalikwisha kugonga milango mingine kumi.

Pili, kimya ni shamba la madalali. Mnawajua. Anakuja mtu jioni, amevaa vizuri, anasema anamfahamu mkubwa wa ofisi ile, na kwamba jina lako lilikuwa la tatu katika orodha, limebaki kusukumwa kidogo tu. Anataka shilingi elfu kadhaa, na anataka zitumwe kwa M-Pesa kabla ya kesho, kwa jina la mtu mwingine. Mara nyingi mtu huyu hajui lolote, hata mlango wa ofisi ile hajauona. Anachouza ni kutojua kwako. Ukiwa na barua ya mwajiri inayosema nafasi imekwisha kujazwa, biashara yake imekufa hapo hapo. Na tukumbushane kwamba kwa Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, anayetoa na anayepokea wote wawili wana hatia. Basi mtu aweza kupoteza pesa, akakosa kazi, na juu ya hayo akafungwa.

Tatu, kimya huotesha chuki. Mtu asiyeambiwa sababu hujitafutia sababu mwenyewe, na katika mji huu sababu iliyo karibu ni kabila. "Waliochukuliwa ni watu wa kwao." Hatusemi kwamba ukabila haupo. Upo, na sote tumeuona. Lakini asiyeuliza hawezi kujua ni wapi upo na ni wapi haupo. Atamchukia jirani yake wa Mbotela ambaye hana kosa, na yule mwajiri mwenye kosa la kweli ataendelea kunywa chai yake bila wasiwasi, kwa sababu hakuna aliyemdai sababu kwa maandishi.

Nne, kimya humnyima mtu kujirekebisha. Mtu akikataliwa kwa sababu hana cheti cha daraja fulani, na asiambiwe, ataenda kuhojiwa mara ya pili na ya tatu akiwa na upungufu ule ule. Mwisho atajiona yeye mwenyewe ndiye asiyefaa, na hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

Mwandishi wa maneno haya, kabla ya kuingia reli, alihojiwa na kampuni moja ya mjini, ambayo jina lake si muhimu hapa. Alikaa majuma sita bila neno. Akaandika barua ya mistari kumi. Jibu lilipokuja, lilisema cheti chake cha ufundi hakikuonekana katika faili. Bahati nzuri alikuwa na nakala yake ya fomu, yenye muhuri wa kupokelewa na orodha ya karatasi alizotoa, na cheti kilikuwa katika orodha hiyo. Waliopoteza ni wao. Kazi hakuipata, maana ilikwisha kupewa mwingine. Lakini tangu siku ile alikoma kufikiri kwamba mkono wake ndio mbovu. Barua moja ilimpa hayo.

ZAMANI NA SASA

Vijana wetu wajue kwamba jambo hili la kujua kilichoandikwa juu yako si dogo, na halikuja lenyewe. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuandikisha Waafrika mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya kwanza wanaume wakaanza kutembea na kipande, katika kikasha cha chuma kilichovaliwa shingoni. Ndani yake mliandikwa jina, alama za vidole, jina la tajiri, siku ya kuandikwa kazi na siku ya kutoka. Tajiri asipotia sahihi ya kukuachilia, ulionekana mtoro, na hukuweza kupata kazi kwingine. Mtu alichukua shingoni mwake maneno yaliyoandikwa na mwingine, ambayo hakuwa na ruhusa ya kuyapinga. Wafanyakazi walikichukia kipande hata kikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940.

Katika reli nako, mpaka miaka ya 1950, kazi na mishahara ilipangwa kwa rangi. Mwafrika aliyeuliza kwa nini hapandi cheo hakuhitaji kuandikiwa sababu, maana sababu ilikuwa usoni pake. Wazee waliokaa Muthurwa na Makongeni siku zile, na viongozi wa wafanyakazi kama Makhan Singh, Fred Kubai na Chege Kibachia, waliwekwa kizuizini au wakafukuzwa kazi kwa kudai kwamba mfanyakazi ni mtu wa kuzungumza naye. Kama wao walidai wakiwa katika hatari hiyo, sisi tunaoweza kudai kwa kalamu na bahasha tuna udhuru gani?

SHERIA INASEMAJE

Wengi husema, "Mimi ni nani hata niidai ofisi sababu?" Hebu tutazame.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kifungu cha 47 kinasema kwamba mtu ambaye haki yake imeguswa vibaya na uamuzi wa utawala, apewe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 232 kinataka watu waandikwe na wapandishwe vyeo katika utumishi wa umma kwa mashindano ya haki na kwa kustahili.

Kisha zikaja sheria za kutimiza maneno hayo. Sheria ya Haki katika Utendaji wa Utawala ya mwaka 2015 inampa mwenye madaraka siku 30 za kutoa sababu tangu alipoombwa. Asipozitoa, uamuzi wake huhesabiwa kuwa ulifanywa bila sababu njema, mpaka aonyeshe vingine. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi kwa muda wa siku 21. Ombi lenyewe halilipiwi ada. Na hapa wasikilize hasa wale wanaoogopa Kiingereza: sheria hiyo inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na asiyeweza kuandika ofisi imsaidie. Ofisi isipojibu, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman.

Hayo ni ya ofisi za umma, na mashirika ya umma yamo. Je, kampuni za watu binafsi? Huko nguvu si sawa, lakini mtu hakuachwa mikono mitupu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ulemavu, ujauzito na mengineyo. Nayo haimlindi aliye kazini peke yake, humlinda pia anayeomba kazi. Kesi ya ubaguzi ikifika mahakamani, ni juu ya mwajiri kuonyesha kwamba hakubagua. Tena Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuona habari zake zinazowekwa na mwingine, na kuomba zisahihishwe zikiwa na kosa. Hii ndiyo kinyume cha kipande. Sasa wewe waweza kuomba kusoma kilichoandikwa juu yako.

Liko na jambo la matumizi. Tangu mabadiliko ya Sheria ya Kazi ya mwaka 2022, mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti vya kukuidhinisha, vile vya kodi, vya mikopo na vya polisi, isipokuwa amekusudia kufanya nawe mkataba. Kwa hivyo ukiambiwa uvilipie na kuvileta vyote kabla hata ya kuhojiwa, una neno la kusema.

Lakini tusidanganyane. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kukupa kazi kwa sababu umeandika barua nzuri. Walioomba wakiwa mia na nafasi ikiwa moja, tisini na tisa watarudi nyumbani. Tunachosema ni kwamba hao tisini na tisa ni watu, na warudi wakijua.

NAMNA YA KUANDIKA

Tumeulizwa mara nyingi, "Niandike nini?" Basi haya ndiyo mashauri yetu.

Siku ya kuhojiwa yenyewe, kabla ya kuinuka kitini, uliza kwa upole: "Nitazamie jibu siku gani, na kwa njia gani?" Swali hili halimkasirishi mtu mwenye akili. Ukipewa tarehe, ingoje hata ipite. Usipopewa, ngoja majuma mawili.

Ukitoka nje, andika siku, saa, nambari ya tangazo la kazi, na vyeo vya waliokuhoji. Andika na maswali uliyoulizwa, maana baada ya siku tatu utayasahau. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi nayo ni mali.

Kama umetoka ukijua kwamba hukujibu vizuri, usijifungie nyumbani. Pengine uliulizwa habari ya breki ukababaika, nawe umefanya kazi ya breki miaka minne. Andika kesho yake mistari michache ya shukrani, na ujaze lile lililosahauliwa: mahali ulipofanya kazi hiyo, muda gani, na nani aweza kushuhudia. Usiandike kurasa tatu za kujitetea. Mistari michache yasomwa, na kurasa tatu zawekwa kando.

Tarehe ikipita bila neno, ndipo uandike barua ya kuuliza. Mfano wake ni huu:

"Kwa Meneja wa Wafanyakazi. Bwana au Bibi, mimi nilihojiwa tarehe fulani kwa kazi ya uchomeleaji, nambari ya tangazo fulani. Nawashukuru kwa nafasi hiyo. Tangu siku ile sijapata habari, nami naomba kwa heshima kujulishwa mambo matatu. La kwanza, kama nafasi imekwisha kujazwa. La pili, kama sikufaulu, ni upungufu gani ulioonekana kwangu, ili nipate kujirekebisha. La tatu, kama karatasi zangu zaweza kuwekwa hata nafasi nyingine itakapotokea. Anwani yangu na nambari ya simu ziko hapa chini. Wako mwaminifu."

Basi, imetosha. Hamna kulia shida, hamna vitisho, hamna kutaja mbunge wala mchungaji. Ikiwa ni ofisi ya umma, ongeza mstari mmoja kwamba unaomba kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Mstari huo husogeza barua kutoka chini ya rundo.

Toa nakala mbili. Moja waachie, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Karani akikataa kugonga muhuri, ipeleke kwa posta ya rejista na uiweke stakabadhi. Ukiandika kwa barua pepe, usiifute. Majuma mawili yakipita tena, piga simu mara moja, saa za kazi, taja tarehe ya barua yako. Kisha endelea kutafuta kwingine. Barua ni ya kuuliza, si ya kukufunga mguu.

Na haya usiyafanye. Usiende kumngoja meneja langoni. Usimfuate kanisani wala nyumbani kwake. Usimtumie ujumbe wa simu usiku. Usimtukane karani, maana yeye hana uamuzi, na barua yako itapita mkononi mwake. Tuliosoma shule za misheni tunamkumbuka yule mjane wa Injili aliyemwendea kadhi dhalimu kila siku mpaka akachoka akampa haki yake. Lakini mjane yule alikuwa wa mji ule ule mmoja na kadhi wake, naye hakuwa na nauli ya matatu ya kulipa kwenda na kurudi. Kwetu sisi barua moja yenye muhuri ina nguvu kuliko safari ishirini.

JIBU LIKIJA

Likija jibu, lisome mara mbili kabla ya kukasirika. Kama limesema umepungukiwa cheti, hilo ni jambo lenye njia. Wako mafundi hodari mitaani kwetu, wa Kamukunji na wa gereji za Jogoo Road, waliojifunza kazi kwa mikono na hawana karatasi hata moja. Mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, NITA, iliyoko Commercial Street, Industrial Area, hupima ufundi wa watu wa namna hiyo na kutoa vyeti vya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Barua inayosema "huna cheti" imekuonyesha mlango huo.

Kama limesema kwamba walipatikana waliokuwa na ujuzi zaidi, likubali, na uweke barua hiyo katika faili lako. Nafasi nyingine ikitokea mahali pale pale, waweza kuitaja.

Lakini kama jibu halipatani na mambo yaliyotokea, au kama limeandikwa neno la kabila, dini, mimba au ulemavu, basi usilitupe wala usilijibu peke yako kwa hasira. Lilete ofisi ya chama pamoja na nakala yako yenye muhuri. Malalamiko ya mdomo hatuwezi kwenda nayo mbali. Malalamiko yenye karatasi mbili mkononi ni kitu kingine.

Kwa mwanachama aliyehojiwa kupandishwa cheo, njia ni hiyo hiyo, ila asisahau kumwona mwakilishi wetu wa kazini kabla ya kuandika. Wako wanaoogopa kwamba wakiuliza watahesabiwa wakorofi. Tunajibu kwamba msimamizi anayemchukia mtu kwa sababu ameuliza swali la adabu alikuwa amekwisha kumchukia zamani. Na wakiuliza watu kumi walioshindwa, si mmoja, hakuna atakayeitwa mkorofi. Huo ndio umoja, hata bila mgomo.

WAJIBU WETU

Sasa tuwaambie waajiri, kisha tujiambie sisi wenyewe.

Kwa waajiri tunaomba mambo manne, nayo hayana gharama kubwa. Moja, kila anayehojiwa aambiwe siku ya jibu kabla hajatoka chumbani. Mbili, kila aliyehojiwa apelekewe jibu katika siku 30, hata kama ni ujumbe wa simu wa mistari miwili. Tatu, anayeuliza sababu apewe, kwa maandishi. Nne, katika kupandisha vyeo, majina ya waliofaulu yabandikwe ubaoni wote wayaone. Mwajiri aliyechagua kwa haki hana anachoogopa katika haya manne. Tunawaomba viongozi wetu wayalete mezani katika mazungumzo ya mapatano yajayo, pamoja na mambo ya mishahara, wala wasiyaweke mwisho ili yasahauliwe.

Kwetu sisi, neno ni chungu kidogo. Wanaoweka barua za waombaji chini ya meza si wakubwa peke yao. Makarani ni wenzetu. Wanaopeleka faili ni wenzetu. Askari wa langoni anayemfukuza kijana kabla hajatoa bahasha yake ni mwenzetu, na pengine kijana huyo ni mtoto wa jirani yake wa Shauri Moyo. Na mwenzetu mwingine ndiye anayenong'ona, "Toa ya chai nikuangalizie." Ndugu, ya chai hiyo imetoka katika unga wa watoto. Mfanyakazi anayemla mtafuta kazi hana uso wa kumlalamikia mwajiri anayemla yeye.

Tena chama chenyewe kikitafuta karani au mfagiaji wa ofisi, sheria hii ianze kwetu. Watakaohojiwa na chama wajibiwe wote, kwa maandishi. Tukishindwa sisi wenye waombaji watano, tutamwambiaje mwenye waombaji mia tano?

Mwisho, tunapendekeza kila tawi litenge jioni moja katika juma, na watu wawili wanaojua kuandika wakae pale na kalamu na karatasi, wawasaidie wanachama na watoto wa wanachama kuandika barua hizi. Hakuna haja ya bajeti. Aliyesoma mpaka darasa la saba anaweza kuandika mistari kumi ya heshima. Tuliokwisha kuijua njia tuwaonyeshe wenzetu.

Basi, ndugu yangu unayesoma, kama wewe ni mmoja wa wale wa "mpaka leo", usiliweke gazeti hili mfukoni tu. Tafuta karatasi. Andika tarehe. Andika yale mambo matatu. Kesho asubuhi, ukienda kazini au kutafuta, ipitishe kwenye ofisi ile, na usiondoke bila muhuri.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI